Doa Liliingiaje? Sarufi na Lawama katika Kueleza Vitu Vilivyochafuka na Kupauka katika Bunilizi ya Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza vitu vyenye madoa na vitu vilivyopoteza rangi, na kazi ya maelezo hayo katika riwaya na hadithi fupi. Hoja inayotetewa ni kwamba katika Kiswahili doa halielezwi kama sifa ya kitu pekee, bali huelezwa zaidi kama tukio: lina asili, lina njia ya kuingia, lina wakati, na pengine lina mtu aliyelisababisha. Kwa sababu hiyo, muundo anaouchagua mwandishi ni namna ya kutoa hukumu. Mwandishi anayetegemea vivumishi peke yake huacha nje sehemu kubwa ya maana ambayo lugha yenyewe imemwekea tayari. Mifano ambayo haikuhusishwa na kazi fulani imetungwa kwa ajili ya makala haya.

1.0 UTANGULIZI

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, mandhari ya bunilizi yamezoeleka kujadiliwa kwa upande wa maudhui: nyumba chafu ni ishara ya ufukara, kanzu nyeupe ni ishara ya heshima, na damu ni ishara ya dhuluma. Mjadala wa namna hiyo ni wa lazima, lakini hauonyeshi lugha inafanya nini hasa inapoliweka doa mbele ya msomaji. Mhakiki husema kuwa doa ni ishara, kisha huacha kuuliza kwa nini mwandishi alisema shati "limechafuka" wala hakusema "limechafuliwa" au "ni chafu".

Swali hilo si dogo. Kiswahili kina vivumishi halisi vichache, na vingi kati ya vile vinavyohusu hali ya vitu, kama vile -chafu, -bovu, -chakavu na -kuukuu, hutaja hali iliyokwisha kuwapo bila kusema ilivyopatikana. Kwa upande mwingine, vitenzi vya kuchafuka na kupoteza rangi ni vingi: chafuka, chujuka, pauka, fifia, fubaa, kwajuka, sawijika, babuka, chakaa. Uwiano huu unaonyesha mahali ambapo lugha imeweka nguvu zake. Makala haya yataanza na majina ya rangi, yataendelea na nomino za doa, kisha yatafika kwenye kitenzi, ambako ndiko uliko moyo wa jambo lenyewe. Sehemu za mwisho zitaonyesha matokeo yake katika kupanga visa, katika kutoa lawama na katika tafsiri.

2.0 RANGI NA KITU KILICHOIZAA

Berlin na Kay (1969) walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na majina ya weusi, weupe na wekundu. Madai yao yamejadiliwa na kurekebishwa tangu hapo, lakini kwa Kiswahili yanagusa jambo linaloonekana waziwazi: mizizi ya vivumishi vya rangi inayopokea viambishi vya ngeli ni mitatu hiyo hiyo, yaani -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa jina la kitu. Manjano ni kiungo cha jikoni. Zambarau ni tunda. Kahawia ni kahawa. Kijivu ni jivu. Kijani ni jani. Samawati ni mbingu. Damu ya mzee inajieleza yenyewe.

Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba vingi kati ya vitu hivyo ni vitu vinavyotia madoa. Manjano hushika vidole vya mpishi, zambarau hugeuza ulimi wa mtoto, kahawa humwagika kifuani, jivu hupeperuka likatua juu ya nguo zilizoanikwa. Hivyo mwandishi wa Kiswahili anapotaja rangi huwa amekaribia sana kutaja chanzo cha doa, na mpaka kati ya hayo mawili hulindwa na muundo wa sentensi tu:

(1) a. Alivaa kanzu ya rangi ya kahawa.
    b. Alivaa kanzu yenye kahawa kifuani.
    c. Alivaa kanzu iliyoingia kahawa kifuani.

Katika (1a) kahawa ni kipimo cha rangi na kanzu ni nzima. Katika (1b) kahawa ni kitu kilichopo juu ya kanzu. Katika (1c) kuna kisa: kanzu ilikuwa namna moja, kikatokea kitu, ikawa namna nyingine. Msomaji wa (1c) ana haki ya kuuliza ni nani aliyemwaga, na mwandishi aliyeandika hivyo ana deni la kulijibu swali hilo au la kulinyamazia kwa makusudi.

Viigizi vya rangi vinaithibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Husemwa -eupe pe, -eusi tii na -ekundu pyu, na kila kimoja huonyesha rangi iliyotimia. Kitu kilichopoteza rangi hakivipokei: *pazia limepauka pe haisemwi. Kupauka ni kupungukiwa na utimilifu ule ambao kiigizi hukuja kuutangaza. Doa lenyewe, hata hivyo, laweza kuwa jeusi tii juu ya shati lililofubaa, na hapo msomaji huona kwamba katika shati lile kitu pekee kilichobaki na rangi yake kamili ni uchafu wake.

3.0 NOMINO: DOA, WAA, BAKA

Kamusi huelekea kufafanua doa kwa waa na waa kwa doa. Katika matumizi, nomino hizi hazilingani sawasawa. Doa ni neno la jumla, na ndilo linaloingia kwa urahisi katika semi za heshima na fedheha. Waa huelekea kubeba maana ya ila inayoonekana, hasa ya umbo. Baka ni pana kuliko doa na halina mviringo maalumu. Hupendelea ngozi na nguo. Kando ya hayo kuna majina yanayotaja uchafu kwa mahali pake au kwa asili yake: kutu ya chuma, ukungu wa ukutani, masizi ya chungu, ukoga wa meno, nongo za mwili, tongotongo za macho. Mwandishi anayeandika "meno machafu" hakukosea, lakini anayeandika "ukoga" amemleta msomaji karibu na kinywa hadi akatamani kurudi nyuma.

Namna ya kuihusisha nomino ya doa na kitu chake nayo hubadili maana:

(2) a. shati la madoadoa
    b. shati lenye madoa
    c. shati lililoingia madoa

Mfano (2a), kwa kurudufu nomino, hutaja urembo uliokusudiwa: madoadoa ya shati ni kama ya chui. Mfano (2b) hutaja hali, na (2c) hutaja tukio. Wanafunzi wengi wa uandishi hutumia (2b) kila mahali. Muundo wa -enye ni salama na haukosewi, ila hauna kumbukumbu: haujui jana ya shati.

4.0 KITENZI

4.1 Kuingia na Kutoka

Kiswahili huliona doa kuwa msafiri. Huingia, hukaa, na likishindikana hubaki. Likishindwa na sabuni hutoka. Linganisha:

(3) a. Doa limeingia katika kanzu.
    b. Kanzu imeingia doa.

Sentensi hizi mbili zinasimulia tukio moja, lakini katika (3b) kinachokaa nafasi ya kiima ni mahali palipoingiwa, sio kile kilichoingia. Ni muundo ule ule wa "nyumba imeingia nyoka" na "chuma kimeingia kutu". Faida yake kwa msimulizi ni kwamba kanzu inabaki kuwa mada: tunaendelea kuitazama kanzu, nalo doa linajulikana kama jambo lililoipata. Mfano (3a) huligeuza doa kuwa mhusika. Mwandishi anayesimulia kuanguka kwa familia huhitaji (3b). Mwandishi anayesimulia upelelezi, ambamo doa lenyewe linafuatiliwa, huhitaji (3a).

Kitenzi cha kinyume, toka, kina tabia inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi:

(4) a. Doa limetoka.
    b. Mabaka yamemtoka.

Katika (4a) doa halipo tena. Katika (4b) mabaka ndiyo kwanza yameonekana. Kitenzi ni kimoja, lakini mwelekeo wa macho ni tofauti. Kiambishi cha mtendwa -m- kinatuambia kwamba hapa kuna mwili, na kwa mwili dosari huchukuliwa kuwa hutoka ndani na kujitokeza nje, kama upele na jasho. Kwa nguo dosari hutoka nje na kuingia ndani. Kwa ufupi, nguo hupokea, mwili hufichua.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika lugha ya heshima. Inaposemwa kwamba mtu "ameingia doa", mtu huyo amesemwa kama nguo: ubaya umemjia kutoka nje. Inaposemwa kwamba ubaya wake "umemtoka" mbele za watu, amesemwa kama mwili: ubaya ulikuwamo tangu awali. Katika lugha, kauli hizi ni hatua mbili tu za kitenzi. Katika bunilizi ni nadharia mbili za dhambi.

4.2 Kutendeka na Kutendwa

Kauli za kitenzi huongeza swali la mtenda:

(5) a. Mtoto ameichafua kanzu.
    b. Kanzu imechafuliwa na mtoto.
    c. Kanzu imechafuliwa.
    d. Kanzu imechafuka kwa tope.
    e. *Kanzu imechafuka na mtoto.

Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda kutajwa, kama ilivyo katika (5b), na hata asipotajwa katika (5c) kivuli chake kipo: kuna mtu aliyefanya. Kauli ya kutendeka hukubali chanzo, yaani tope, lakini humkataa mtenda, na ndiyo sababu (5e) haisemwi. Pana basi ngazi tatu. -chafu husema kitu kilivyo. Chafuka husema kilivyokuwa hivyo. Chafuliwa husema kuna aliyekifanya hivyo. Mwandishi anayepanda ngazi hizi anaelekea kwenye mashtaka, na anayezishuka anaelekea kwenye usahaulifu.

Ikumbukwe pia kwamba chafuka si ya nguo pekee. Bahari huchafuka, tumbo huchafuka, hali ya hewa huchafuka, na mtu aliyekasirika amechafuka. Katika matumizi hayo yote hakuna wa kulaumiwa. Mwandishi anayesema jina la mhusika "limechafuka" analiazimia jina hilo udhuru wa bahari.

Vitenzi vya kupoteza rangi navyo vinagawana kazi. Nguo hupauka kwa jua, na ngozi hupauka kwa kukosa mafuta. Nguo huchujuka kwa maji, kwa kuwa rangi yake imeondoka pole pole katika kufuliwa. Uzuri na uso hukwajuka kwa umri au kwa shida. Uso husawijika kwa maradhi au huzuni. Kwa hiyo kitenzi kimoja hutosha kumjulisha msomaji kama pazia liliishi karibu na dirisha au karibu na beseni. Upande wa sifa una mgawanyo wake pia: hina ikishika vizuri haisemwi kuwa imeingia, husemwa imekolea. Hina ya mikononi na utomvu wa mgomba ulioingia nguoni ni alama zisizofutika upesi. Kitenzi ndicho kinachoamua ipi ni pambo na ipi ni hasara.

4.3 Tatizo la Kishazi Rejeshi

Hali timilifu ya -me- huonyesha tokeo linaloendelea: shati limechafuka, na hadi sasa ni hivyo. Katika Kiswahili sanifu, -me- haipokei kiambishi rejeshi ndani ya kitenzi, na nafasi yake huchukuliwa na -li-: shati lililochafuka. Umbo hilo, kwa hiyo, hubeba maana mbili, yaani shati ambalo bado ni chafu, na shati ambalo lilipata kuchafuka zamani. Katika masimulizi marefu utata huu unaweza kumpoteza msomaji: je, "shati lililochafuka" ambalo mhusika analitoa sandukuni katika sura ya tisa lilikwisha fuliwa au la? Waandishi waangalifu huepuka utata huo kwa amba- (shati ambalo limechafuka) au kwa kutenganisha sentensi: "Alitoa shati. Lilikuwa bado limechafuka."

5.0 WAKATI WA DOA

Kwa kuwa doa ni tukio, lina umri, na umri wake huonekana kwa rangi. Hapa waandishi wengi hukosea si kwa upungufu wa lugha bali kwa kutotazama. Damu mbichi ni nyekundu. Ikikauka huelekea weusi na kahawia, kwa sababu himoglobini yake hubadilika inapokutana na hewa. Riwaya inayomwonyesha mpelelezi akikuta "damu nyekundu" ukutani siku tatu baada ya mauaji imevunja saa yake yenyewe. Mwandishi angeweza kupata zaidi kwa kusema kwamba lile doa lilikuwa limekauka na kufanana na kutu, kiasi kwamba watu wawili walipita bila kulitambua.

Utomvu wa mgomba hufanya kinyume chake. Unapodondoka nguoni hauonekani sana. Baadaye hugeuka kahawia hadi kukaribia weusi, na hautoki kwa sabuni. Mtu aliyekata mkungu wa ndizi usiku shambani kwa jirani anaweza kurudi nyumbani akijiona safi, na ushahidi ukamtokea kesho yake mbele ya watu. Doa la manjano ya mchuzi lina kioja chake pia. Likiguswa na sabuni ya mche, ambayo ina magadi, hugeuka jekundu. Likisuuzwa vyema hurudia unjano wake. Likianikwa juani hufifia. Mwanamke anayefua shati la mumewe akaona wekundu ukijitokeza chini ya povu anaweza kuishi dakika nzima ya hofu kabla ya maji kumwambia ukweli. Kisa kizima cha hadithi fupi kimo ndani ya dakika hiyo, na msimulizi anachohitaji ni kufuata mpangilio wa vitenzi: liligeuka, likakolea, likafifia.

Linganisha pia aya mbili zinazoeleza chumba kimoja:

(6) a. Chumba kilikuwa kichafu. Ukuta ulikuwa mchafu wenye rangi ya kahawia. Kulikuwa na pazia chakavu lenye madoa na godoro bovu.

    b. Ukuta ulikuwa umeingia mafuta ya nazi mahali pamoja, kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa. Pazia lilikuwa limepauka upande wa dirishani. Upande wa ndani lilikuwa bado na wekundu wake wa dukani. Katikati ya godoro palikuwa na duara la rangi ya chai, na ndani ya duara hilo, duara jingine.

Aya ya (6a) ina vivumishi vitatu na haina mtu. Aya ya (6b) haina kivumishi hata kimoja cha uchafu, lakini ina mtu aliyekaa pale pale miaka mingi akiegemeza kichwa, na mgonjwa au mtoto aliyelowesha godoro zaidi ya mara moja. Msomaji hakuambiwa amhurumie mtu yeyote.

6.0 DOA NA LAWAMA

Hakuna mahali ambapo sarufi ya doa huwa na gharama kubwa kuliko pale inapomhusu mwanamke. Katika desturi iliyojulikana katika baadhi ya jamii za pwani, kisarawanda kilikuwa kitambaa cheupe kilichotandikwa kitandani usiku wa harusi ili bikira wa bibi harusi athibitike kwa damu. Kitambaa hicho kinapindua kila kilichoelezwa juu ya weupe na doa. Kikirudi na damu, nyumba hushangilia. Kikirudi cheupe pe, nyumba huinama. Weupe ndio fedheha. Mwandishi anayeeleza tukio hilo angekosea kuita damu ile "doa", kwa kuwa machoni pa wanaoingojea ni cheti, sio uchafu. Doa huanza pale damu inapokosekana, na hapo haliingii kitambaani bali kwa mtu. Nayo elimu ya tiba imekwisha onyesha kwamba wanawake wengi hawatoki damu katika tendo hilo la kwanza. Kitambaa kilishuhudia lisilothibitika.

Riwaya ya Kiswahili imelishughulikia jambo hili hata pasipokuwapo kitambaa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Charles anamwacha Rosa anapogundua kwamba si bikira, na Rosa anajiua. Hukumu ya Charles ni ya ngazi ya kivumishi: Rosa ni hivi alivyo. Lakini riwaya nzima imetumia kurasa zake kusimulia jinsi alivyofika hapo, kuanzia ukali wa baba yake Zakaria, na kwa njia hiyo inaihamisha sentensi kutoka "mchafu" hadi "amechafuliwa", na kumlazimisha msomaji kumtafuta mtenda. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anayefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, anatoroka na kuingia katika maisha ambayo jamii inayaita machafu. Hapa pia swali la riwaya si kama doa lipo, bali liliingia kwa mlango gani, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa mikononi mwa nani.

Inafaa kutahadhari, hata hivyo, dhidi ya kuifanya kauli ya kutendwa kuwa dawa ya kila uonevu. Mhusika anayesemwa daima kuwa "alichafuliwa" ameokolewa na lawama, lakini pia amebaki nguo: hana utashi, ni wa kuingiwa tu. Nguvu ya riwaya hizi mbili ni kwamba wahusika wao wa kike hutenda pia. Huchagua, hukosea, hukaidi. Mwandishi anayewatendea haki hana budi kutembea katika ngazi zote: mahali pengine alichafuliwa, mahali pengine alijichafua, na mahali pengine, kama bahari, mambo yalichafuka tu.

7.0 TAFSIRI

Tafsiri huufichua mfumo huu kwa sababu humlazimisha mfasiri kuchagua kile ambacho matini ya asili haikukitaja. Mfano mashuhuri ni tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, iliyotafsiriwa na S. S. Mushi kwa jina la Makbeth (1968). Katika onyesho la kwanza la tendo la tano, mke wa Macbeth anatembea usingizini akiisugua mikono yake na kuliamrisha doa la damu liondoke, ilhali mikono ni mitupu. Neno la Kiingereza lililotumika hapo linaweza kuwa doa, waa, alama au tone. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuamua kama mama huyu anaona kitu kilichoingia kutoka nje au ila iliyomo mwilini mwake.

Kiswahili kina fursa hapa ambayo lugha ya asili haina. Kitenzi toka ni cha dobi, kwa sababu doa hutoka. Ni amri ya kumfukuza mbwa. Na ni amri ya kumpunga pepo. Mfasiri akikitumia hupata kwa neno moja mfuaji, mwenye nyumba aliyeudhika, na mgonjwa aliyepagawa. Tena, kwa kuwa dosari ya mwili "humtoka" mtu kwa maana ya kujitokeza, amri ile ina hatari yake yenyewe: kadiri anavyoliita litoke, ndivyo linavyozidi kuonekana, na daktari anayemsikiliza anazidi kujua.

Kwa upande wa chini wa kipimo, tafsiri za haraka na maandishi yaliyoiga miundo ya Kiingereza hujaa virai kama "shati lililochafuliwa" hata pale ambapo hakuna mtu aliyekusudiwa kulichafua. Kosa hilo hutokana na kuligeuza kila umbo la Kiingereza la tokeo kuwa kauli ya kutendwa. Msomaji wa Kiswahili husikia mashtaka, huanza kumtafuta mshtakiwa, na asipompata huiona riwaya kuwa imemdanganya. Mara nyingi "lililochafuka", au "lililoingia" likifuatwa na jina la kitu chenyewe, lingetosha.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba maelezo ya vitu vilivyochafuka na kupauka katika Kiswahili yamejengwa juu ya tukio. Majina ya rangi hubeba vyanzo vyake. Nomino za doa hugawana mahali na asili. Vitenzi kuingia na kutoka hulipa doa njia, ambayo kwa nguo huanzia nje na kwa mwili huanzia ndani. Kauli za kutendeka na kutendwa huamua kama kuna wa kuulizwa. Na rangi ya doa hutaja umri wake.

Mambo mawili yanafuata. Katika ufundishaji wa uandishi, mwanafunzi anayeandika "chafu" aulizwe maswali matatu kabla ya kuruhusiwa kuendelea: kwa kitu gani, tangu lini, na kwa mkono wa nani. Majibu yote matatu yana umbo lake la kisarufi, na hata jibu la "hajulikani" lina lake, nalo ni -ka. Katika uhakiki, inafaa hukumu za maadili zinazotolewa juu ya wahusika zisomwe kwanza katika vitenzi vya msimulizi kabla ya kusomwa katika maudhui. Jamii iliyomo riwayani ina haraka ya kufika kwenye kivumishi. Mwandishi mwema huichelewesha, akairudisha kwenye kitenzi, hadi ijibu doa liliingiaje.